Leza ya kijani kwenye Glock 43: miezi minne kiunoni

Nabeba Glock 43, bastola ndogo, hapa Houston kwa sababu natoka zamu saa nane usiku na maegesho yetu yana taa moja, nayo mbovu. Leza, yaani kitaa kinachotupa nukta pale unapolenga, niliinunua dola 189. Inabana chini ya kilinda kifyatulio na kujiwasha yenyewe ukiishika bastola sawasawa, maana kitufe kiko mbele ya mpini, chini ya kidole cha kati. Swichi ya kutafuta kwa kidole gumba nisingeitaka. Mkono ukitetemeka, nani ataikumbuka?

Nilianza na nyekundu ya kuazima. Usiku safi kabisa, lakini kwenye jua la Texas, hatua kumi tu, sikuona kitu. Kijani jicho linaiona upesi zaidi, ila inakula betri.

Kilichoniudhi ni mfuko wa bastola. Ule wangu wa plastiki ngumu ulikataa kabisa kuipokea, ikabidi ninunue mwingine, dola 65 zaidi. Muuzaji hakunitajia, nami mjinga sikuuliza.

Kuirekebisha leza ni kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Niliilinganisha ili nukta na risasi zikutane kwenye mita saba. Kumbuka leza imekaa chini ya mtutu, kwa hiyo ukisogea karibu zaidi, risasi itapiga juu kidogo ya nukta.

Faida nisiyoitarajia: nikifyatua bila risasi nyumbani, nukta inacheza ukutani na kunionyesha jinsi ninavyovuta vibaya. Vile vilengeo vya kawaida vilivyo juu ya bastola bado navifanyia mazoezi kila Jumamosi.