Diski mbili za nyimbo za kuliza kutoka Japani: moja ilinitoa machozi, nyingine ilinichosha

Nilinunua mkusanyiko huu katika duka la vitu vilivyotumika mjini Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, nilipokuwa katika mwaka wa pili wa masomo yangu nchini Japani. Ni diski mbili ndani ya kasha moja, zenye nyimbo 24 kwa jumla, na nililipa yeni 980. Juu ya kasha palibandikwa karatasi ya rangi ya waridi yenye neno moja tu: nakeru. Ni kitenzi cha kulia kikiwa katika hali ya kuwezekana, na Wajapani hukitumia kuusifu wimbo au filamu inayomfanya mtu alie. Kiswahili kina umbo linalokaribia hilo tunaposema kwamba njia inapitika au chakula kinalika, ingawa sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba wimbo unalilika.

Nitangulize hukumu yangu. Diski ya kwanza, yenye nyimbo 12 katika sauti za waimbaji wenyewe, inastahili fedha yote niliyotoa na zaidi. Diski ya pili, ambayo nyimbo zake zimeimbwa upya na waimbaji wa studio ambao majina yao yamechapishwa kwa herufi ndogo mno, ningeirudisha dukani siku hiyo hiyo kama ningeweza kuitenga na mwenzake. Nimezisikiliza zote mbili kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ninaandika tathmini hii kwa sababu tofauti kati yake haiko katika nyimbo zilizochaguliwa, ambazo ni nzuri pande zote mbili, bali iko katika namna mwimbaji anavyoyashughulikia machozi yake mwenyewe.

Wimbo wa kwanza ni Ue o Muite Aruko, ulioimbwa na Kyu Sakamoto mwaka 1961, muziki ukiwa wa Hachidai Nakamura na maneno ya Rokusuke Ei. Mwenye kuimba anasema atembee akitazama juu, na sababu ya kutazama juu ni kuyazuia machozi yasidondoke. Inaelezwa kwamba Ei aliyaandika maneno hayo akiwa na uchungu baada ya maandamano ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani kushindwa, lakini ndani ya wimbo siasa haitajwi hata kidogo. Yupo mtu mmoja, usiku, nyota, na majira ya mwaka anayoyakumbuka. Mdundo wake ni wa hatua nyepesi, kiasi kwamba asiyejua Kijapani anaweza kuucheza harusini bila wasiwasi. Mwezi Juni 1963 ulikaa wiki tatu katika nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard ya nyimbo zinazovuma nchini Marekani, ukiwa umepewa jina la Sukiyaki, ambalo ni jina la chakula cha nyama ya ng'ombe inayopikwa mezani. Ni sawa na mtu kuchukua wimbo wa majonzi wa mwambao wetu akauita Pilau, kwa kuwa hilo ndilo neno ambalo wanunuzi wanalijua. Sakamoto mwenyewe alifariki tarehe 12 Agosti 1985 akiwa na umri wa miaka 43, mmoja wa watu 520 waliopoteza maisha katika ajali ya ndege ya Japan Airlines, safari namba 123.

Kwa miezi kadhaa wimbo huo ulipita masikioni mwangu bila kunigusa. Jioni moja ya Februari nilikuwa nikivuka kwa miguu daraja refu la mto Yoshino, upepo wa baridi ukinipiga usoni. Asubuhi yake nilikuwa nimepokea simu ya msiba kutoka nyumbani, kisha nikaenda darasani kama kawaida, na kila aliyeniuliza hali nilimjibu kwamba ni njema. Karibu na mwisho wa wimbo Sakamoto anaacha maneno na kuanza kupiga mluzi. Siku zote nilidhani mluzi ule ni pambo tu, lakini pale darajani niliusikia kama mluzi wa mtu ambaye akijaribu kuimba neno moja zaidi, sauti itamkatika. Nilisimama, nikashika ukingo wa daraja, na nikalia mpaka wimbo wa tatu. Kwa hiyo sina ushahidi wowote juu ya ubora wa wimbo wa pili katika jioni ile.

Wimbo niliourudia kuliko yote ni Nada Soso. Muziki wake ulitungwa na kundi la BEGIN kutoka kisiwa cha Ishigaki, katika mkoa wa visiwa wa Okinawa, kusini mwa Japani, na maneno yaliandikwa na Ryoko Moriyama, aliyeurekodi mwaka 1998. Jina lake ni la lugha ya Okinawa, na maana yake ni machozi yanayotiririka. Moriyama alipopewa jina hilo pamoja na muziki alimkumbuka kaka yake aliyefariki akiwa bado kijana. Sauti iliyomo katika diski hii ni ya Rimi Natsukawa, ambaye naye ni mzaliwa wa Ishigaki. Aliuimba upya mwaka 2001, na toleo lake ndilo lililoenea kila mahali, likiwa na sanshin, chombo cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi ya nyoka, kinachodonolewa polepole chini ya sauti yake.

Nilipoanza kuyatafsiri maneno yake kwa penseli pembezoni mwa kijitabu, niligundua jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili wana bahati nalo. Wimbo haumtaji kaka, wala hausemi kwamba mtu amekufa. Kuna anayefungua albamu ya picha za zamani na kunong'ona shukrani, kuna nyota ya kwanza ya jioni, na kuna "wewe" ambaye hajulikani kama ni mwanamume au mwanamke, mpenzi au mzazi. Nimeona tafsiri za lugha nyingine ambazo hulazimika kuchagua, na zikishachagua, mlango mmoja unafungwa. Kiswahili hakilazimiki. "Wewe" wetu na "yeye" wetu haviulizi jinsia, na kwa hiyo kila msikilizaji anaweza kumweka mtu wake mahali pale pale palipoachwa wazi. Aliyezoea mafumbo ya taarabu hatashangaa kwamba wimbo unaweza kumwendea mtu bila kumtaja. Tofauti ni kwamba katika taarabu fumbo mara nyingi humtafuta mlengwa akiwa hai na amekaa ukumbini, ilhali hapa mlengwa hayupo tena wa kulipokea.

Kuhusu Toire no Kamisama, wa Kana Uemura, uliotoka mwaka 2010, nilikuwa na mashaka tangu niliposoma jina lake, kwa sababu maana yake ni mungu wa chooni, na unachukua takriban dakika 10. Mashaka hayo yaliisha mapema. Uemura anasimulia maisha yake na bibi yake, tangu alipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Bibi alimwambia kwamba chooni anaishi mungu wa kike mzuri sana, na msichana anayekisafisha kila siku atakuwa mrembo kama yeye. Mtoto anasugua choo, anakua, anagombana na bibi, anaondoka, na anarudi wakati bibi yuko kitandani hospitalini. Watu wengi niliozungumza nao hulia wanapofika hospitalini. Mimi machozi hunishinda mapema zaidi, pale mtoto anapolia na kumlaumu bibi kwa kushindwa kumrekodia kipindi cha vichekesho kwenye televisheni. Ni kosa dogo kabisa, na mtoto amelikasirikia kama watoto wanavyokasirika, lakini anayelisimulia sasa ni mtu mzima ambaye hawezi tena kuomba radhi. Uemura halitilii mkazo. Analisema kwa lafudhi ya Kansai, eneo la magharibi mwa Japani, kama mtu anayepiga soga, na gitaa linaendelea mbele.

Kwa kuwa nilikuwa nikiishi Tokushima, nilikuwa na upendeleo wa wazi kwa Tegami wa Angela Aki, mzaliwa wa mkoa huo huo. Ulitoka mwaka 2008 na ulikuwa wimbo wa lazima kwa shule za sekondari za chini katika mashindano ya kwaya ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwaka huo. Umeandikwa kama barua mbili: katika ya kwanza mtoto wa miaka 15 anamwandikia yule atakayekuwa ukubwani, na katika ya pili mtu mzima anamjibu. Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu mzima hajidai kuwa ameshinda; anakiri kwamba hata sasa kuna usiku anaumia na kukosa usingizi. Katika wiki za mwisho za mwaka wa shule, ambao Japani humalizika mwezi Machi, nilikuwa nikipita karibu na shule moja na kusikia sauti za wanafunzi wakiufanyia mazoezi wimbo huu, wengine wakiwa nje ya ufunguo, yaani ngazi ya sauti ya wimbo, kabisa, na nakiri kwamba toleo hilo la dirishani linaishinda rekodi.

Nyimbo za maua ya mcheri nitazipitia haraka, kwa sababu ni nyingi na zinafanana: mahafali, petali zinazoanguka, marafiki wanaoagana kituoni. Ulio bora miongoni mwake ni Sakura wa mwaka 2003 wa Naotaro Moriyama, na msomaji asishangae kuliona jina hilo la ukoo tena, kwa maana huyu ni mtoto wa Ryoko Moriyama niliyemtaja juu. Maji hufuata mkondo.

Sasa diski ya pili. Waimbaji wake wana sauti nzuri kuliko baadhi ya waimbaji wa diski ya kwanza, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kila wimbo unaanza kwa piano peke yake, kila mwimbaji anavuta pumzi kwa nguvu karibu na maikrofoni ili tuisikie, na kila inapofika sabi, yaani sehemu ya kiitikio, vinubi na fidla zinamwagwa kama maji ya gharika. Karibu kila wimbo unapandishwa ufunguo kabla ya kiitikio cha mwisho. Hila hiyo ni ya kawaida katika muziki wa pop wa Japani, sawa na ule mfuatano wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) wa ngazi ya nne, ya tano, ya tatu na ya sita ambao wenyewe wanauita njia ya kifalme, na ikitumiwa mara moja inaweza kuinua moyo kweli. Ikitumiwa mara tisa katika nyimbo 12, unaanza kuisubiri kama abiria anayesubiri tuta barabarani. Na wanalia. Wanaimba kwa kwikwi, wanatetemesha mwisho wa kila mstari, na mimi nikiwa nimekaa na kikombe changu cha chai ninajikuta mkavu kabisa, kwa kuwa kazi niliyokuja kuifanya wameshanifanyia.

Siku moja niliingia katika chumba cha karaoke cha kuimba mtu mmoja peke yake, nikaimba Nada Soso mbele ya mashine inayotoa alama, na mashine ikanipa 71 kati ya 100. Ilinionyesha kwenye kioo kwamba nimekosa alama za mtetemo wa sauti. Hapo nikashuku kwamba waimbaji wa diski ya pili walifunzwa na mashine hiyo hiyo.

Kuna pengo moja ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Katika mkusanyiko huu haumo Lemon wa Kenshi Yonezu, wa mwaka 2018, ambao nadhani hakuna orodha ya nyimbo za kuliza inayokamilika bila huo. Nililazimika kuusikiliza kwingine. Ulikuwa wimbo wa tamthilia ya televisheni iitwayo Unnatural, inayohusu madaktari wanaochunguza sababu za vifo, na Yonezu alifiwa na babu yake wakati akiuandika. Naye ni mtu wa Tokushima, na usiku wa tarehe 31 Desemba 2018 aliuimba moja kwa moja kwenye televisheni kutoka katika jumba la makumbusho la Otsuka, mjini Naruto, ndani ya ukumbi ulioigwa kutoka kanisa la Sistine la Vatikani. Nilikwenda kuuona ukumbi huo. Ndani ya rekodi ya Lemon kuna mlio mfupi wa ajabu, kama mtu aliyeshtuka au aliyemeza kwikwi, unaojirudia kati ya mistari. Watu wengine wanauchukia. Mimi nauona kuwa ndugu wa mluzi wa Sakamoto, kwa maana ni sauti inayotoka mahali ambapo maneno hayakuweza.

Kwa upande wa bidhaa yenyewe, sauti ya diski ya kwanza ni safi, isipokuwa wimbo wa mwaka 1961 ambao una mkwaruzo wa uzee usiodhuru. Kijitabu kina maneno ya nyimbo zote, na juu ya herufi ngumu za kanji pameandikwa matamshi kwa herufi ndogo, jambo lililonisaidia sana. Hakuna tafsiri ya aina yoyote. Asiyesoma Kijapani atafute maana kwanza kisha asikilize, hasa kwa Toire no Kamisama, ambao bila maneno yake ni wimbo mrefu tu wa gitaa. Ningeshauri pia zisisikilizwe zaidi ya nyimbo tatu kwa mkao mmoja.

Diski ya kwanza naipa nyota tano, na ya pili nyota moja na nusu, hiyo nusu ikiwa ni ya karatasi nzuri ya kijitabu. Nilipohama niliiacha diski ya pili katika kabati la bweni kwa ajili ya mpangaji atakayefuata. Kasha limerudi nami likiwa na nafasi moja tupu, na humo nimeweka picha niliyoipiga kwa simu na kuichapisha siku niliyoondoka, ya ukingo wa daraja la Yoshino pale niliposimama.