Waya gani ununue kusuka upya umeme wa trekta la zamani

Miezi ya Agosti hadi Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndiyo ya kusuka upya umeme wa trekta huku Dodoma. Trekta lipo bandani, fundi ana nafasi, na panya wameshatafuna walichoweza tangu mavuno. Mwongozo huu unahusu Massey Ferguson 135 na 240, Ford 5000 na mengine ya rika hilo: injini ya dizeli, umeme wa volti 12, stata (mota ya kuwashia injini), alternata (ya kuchaji betri), taa na geji chache.

Kabla ya kununua chochote, pima. Injini ikizungushwa kivivu na stata, wengi hukimbilia betri mpya, kumbe kosa lipo kwenye kebo. Vuta kizimio, kile cha kuzimia injini, ili isiwake. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo chanya ya betri (nguzo yenyewe, si kichwa cha kebo) na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, kisha mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kebo au lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa kebo) imechoka. Rudia kati ya nguzo hasi na bodi la injini. Hapo isizidi 0.3.

Sababu ni hesabu tu. Stata ya injini hiyo huvuta ampia 200 hadi 400. Kwa ampia 300, kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 yenye jumla ya mita 2.5, kwenda na kurudi, hupoteza kama volti 0.26. Ya 16 hupoteza 0.8. Ya 16 iliyo aluminiamu iliyopakwa shaba hupoteza karibu 1.3, na betri yenyewe inaposhuka chini ya mzigo, stata hubaki na volti zisizotosha. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kebo za betri, 50 au 70 kama mfuko unaruhusu. Taa zinaweza kusubiri.

Haya ndiyo machaguo ya waya, kuanzia bora.

1. Waya wa gari wa shaba halisi, wa kukatiwa kwa mita. Ndani una nyuzi nyingi nyembamba, hivyo unavumilia mtikisiko. Kwa trekta moja, makadirio ya kuanzia ni haya: mita 3 za kebo ya 50, mita 3 za 10 kwa alternata, mita 6 za 4 kwa waya mdogo wa kuamsha stata na kwa swichi, mita 15 za 2.5 kwa taa, mita 20 za 1.5 kwa geji na vitu vidogo. Pima kwa kamba kwenye trekta lako, uongeze sehemu moja ya kumi. Chukua rangi tatu au nne. Waya mweusi pekee utamtesa fundi wa kesho, ambaye huenda ni wewe.

2. Waya wa sola, wa 4 na 6. Huu watu wa karakana wanausahau. Nyuzi zake ni nyembamba, zimepakwa bati, na ganda lake ni la tabaka mbili linalostahimili joto kuliko plastiki ya kawaida. Kwa wanaopakia mbolea kila msimu unafaa hasa, kwa sababu mbolea hula shaba. Kasoro yake ni rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na ugumu wa kupenyeza kwenye teminali ndogo. Maduka ya sola pia mara nyingi yana mashine ya haidroliki ya kubana lagi kubwa, basi kebo yako ya 50 wakubanie hapo hapo.

3. Hanesi, yaani fungu zima la nyaya, iliyosukwa tayari kwa modeli yako. Huokoa muda, ila inafaa trekta ambalo halijabadilishwa. Ukishatoa dainamo (chaja ya kizamani) ukaweka alternata, nusu ya hanesi haina kazi. Uliza hilo kabla ya kuagiza Dar es Salaam. Na kama trekta bado lina dainamo, kagua nguzo ipi imefungwa kwenye bodi: baadhi ya matrekta ya kale ya Uingereza hufunga chanya, na ukiweka alternata bila kubadili hilo unaunguza daiodi zake mara moja.

4. Kebo ya kulehemu, kwa betri tu. Inapindika vizuri, lakini mpira wake hulainika ukiloweshwa dizeli na oili. Ukiitumia, ipitishe mbali na pampu.

5. Nyaya za magari yaliyokatwa. Nunua boksi la fyuzi, soketi za rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na vipande vyake vya waya. Nyaya zenyewe acha: nyingi ni nyembamba mno kwa taa za trekta, na ganda limeshakauka.

6. Waya wa nyumba. Ule wa uzi mmoja mnene hukatika ndani ya ganda kwa mtikisiko, na hitilafu yake haionekani kwa macho.

Aluminiamu iliyopakwa shaba haina namba hapa. Kuigundua, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Uzito pia husema, kwa sababu ni nyepesi zaidi ya mara mbili kuliko shaba ya unene uleule.

Kuhusu lagi: zibanwe, zisigongwe kwa nyundo. Kuchomelea kwa risasi peke yake hukaza waya pale risasi inapoishia, na hapo ndipo unapokatikia. Funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, si tepu, maana vumbi la huku na oili huing'oa gundi yake.

Fyuzi hulinda waya, si taa. Isizidi ampia 10 kwa waya wa 1.5, 20 kwa wa 2.5, 30 kwa wa 4, na iwekwe karibu na betri iwezekanavyo. Taa mbili za wati 55 huvuta ampia 9 hivi. Tumia waya wa 2.5, fyuzi ya 15, na rilei ili swichi isiungue. Pitisha kila kitu kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, kwani panya atarudi.

Kebo ya hasi ya betri iwe ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kufungwa. Kazi ikiisha, washa, upime betri kwenye mwendo wa wastani: volti 13.8 hadi 14.4. Kisha zima, upige stata sekunde kumi huku kizimio kimevutwa, na uguse kila lagi kwa mkono. Iliyopata moto ibanwe upya.