Panama hadi Cartagena kwa boti la matanga kupitia San Blas: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Tatu na nusu ni za visiwa vya San Blas, nusu nyingine ni ya mpishi wa boti. Ya tano nimemnyima wakala aliyeniuzia safari, na sababu nitaisema.

Kwa asiyejua, hakuna barabara ya kutoka Panama kuingia Colombia. Ile barabara ya Pan-American inayoanzia Alaska inakatikia Darién, kilomita kama 100 za msitu na kinamasi, na huko si pa kwenda kutalii. Ndege ya kutoka Panama City hadi Cartagena ni kama saa moja. Kuna boti za injini zinazokupeleka kisiwa kwa kisiwa mpaka Capurganá, upande wa Colombia, halafu unamalizia kwa boti nyingine na basi. Na kuna boti la matanga: siku tano, tatu za mwanzo mnazunguka visiwani, kisha mnakata bahari kuu hadi Cartagena. Nililipa dola 600 na kitu, chakula ndani yake. Gari la kutoka mjini na ada za Waguna, wenyeji wa visiwa vya San Blas, ni juu yako.

Pasi yangu ni ya Tanzania, kwa hiyo viza za nchi zote mbili nilizimaliza kabla sijatoa hata senti ya boti. Ya Colombia inaombwa mtandaoni. Nahodha aliniomba picha ya viza hiyo kabla ya kunipa nafasi, na sikumlaumu, kwa sababu abiria akikataliwa bandarini msala ni wake. Kadi ya homa ya manjano nayo ibebe, mimi niliulizwa uwanja wa ndege. Jambo litakalokushtua ni kwamba mkishapanda, nahodha anakusanya pasi zote. Mihuri ya kutoka Panama anaigongesha Porvenir, kisiwa chenye ofisi ya uhamiaji, na Cartagena anazipeleka uhamiaji yeye na wakala wake wa bandari. Nilizurura mjini mchana kutwa bila pasi mfukoni. Ndiyo utaratibu wao. Piga tu picha ukurasa wa jina na wa viza.

Sasa visiwa. Gari linakuchukua alfajiri, linapanda na kushuka milima mikali mpaka unashika tumbo, halafu mnafika getini na Waguna wenyewe wanakagua pasi na kupokea ada. Kule ni kwao kwelikweli. Waliasi dhidi ya serikali ya Panama mwaka 1925, mwaka 1938 eneo lao likatambuliwa kisheria, na mpaka leo mgeni hamiliki ardhi. Sheria zao zinafuatwa: kuzamia kwa mitungi ya hewa marufuku, unaruhusiwa miwani na mrija tu. Picha ya mtu huipigi bila kuomba. Na mnazi usiuguse hata kama kisiwa hakina mtu, maana kila nazi ina mwenyewe. Maboti ya mizigo ya Colombia yamekuwa yakija kuzinunua miaka na miaka. Wazungu wawili tuliokuwa nao walishangaa sana kuambiwa hivyo. Mimi mtoto wa Tanga sikushangaa.

Beba dola ndogondogo. Panama wanatumia dola ya Marekani, ila noti ya 50 au 100 hata madukani mjini wanaikwepa, sembuse mama aliyekuja na mtumbwi kuuza mola. Mola ni kitambaa cha kifuani na mgongoni cha blauzi za wanawake wa Kiguna. Niliyonunua nimeigeuza upande wa nyuma kuitazama: vitambaa vitatu vimepangwa, cheusi, chekundu na cha machungwa, vya juu vimekatwa ili cha chini kitokeze, na kila ukingo umekunjiwa ndani na kushonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mchele. Muuzaji alitaja bei, nikataka kupunguziwa kwa mazoea ya Kariakoo, akacheka na kuanza kuikunja arudishe mkobani. Nililipa bei yake.

Gatini mnapopandia boti pale Cartí mnakiona Gardi Sugdub, kisiwa kilichojaa nyumba hadi ukingoni. Juni 2024 familia kama 300 zilipewa nyumba bara, kijiji cha Isber Yala, kwa sababu bahari inazidi kupanda. Anayetaka kuviona visiwa hivi asingoje sana.

Chakula kilikuwa kizuri kuliko nilivyotegemea. Mpishi alinunua kamba koche kwa wavuvi waliokuja ubavuni mwa boti, akawachoma kwa ndimu na vitunguu saumu. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei Waguna wanafunga uvuvi wake, usije ukamlalamikia mpishi.

Sasa ile nyota. Wakala aliniahidi chumba na "usiku mmoja mtulivu baharini". Chumba kilikuwa benchi la sebuleni linalogeuzwa kitanda baada ya watu kumaliza kula, na bahari kuu ilichukua saa 30 na ushee. Nilisafiri Februari. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazini mashariki unavuma kwa nguvu Karibiani, kama kaskazi yetu, tofauti ni kwamba wenyewe hauna kusi ya kuupokea. Ukitoka Panama kwenda Cartagena unakwenda ukiupinga. Boti linapanda wimbi, linaanguka, linapanda. Watu walitapika mpaka nyongo. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla nanga haijang'olewa, ukisubiri uumwe hutaihifadhi tumboni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: panga safari kinyume. Anzia Cartagena, upepo uwe mgongoni, mateso yaishe mapema na visiwa viwe mbele yako. Boti ni zilezile na bei haipishani sana. Ukiwa huna budi kuanzia Panama, chagua miezi isiyo na upepo mkali. Mvua itakunyeshea, ila vimbunga vikubwa vya Karibiani kwa kawaida vinapita kaskazini ya huko.

Mwenye siku za ziada Cartagena apande ndege ya ndani kwenda San Andrés, kisiwa cha Colombia kilicho karibu zaidi na Nicaragua. Kuna kadi ya utalii unayoilipia uwanja wa ndege kabla ya kupanda, itie kwenye bajeti. Tafuta rondón kwa akina mama wa Kiraizal, wenyeji wa kisiwa hicho: samaki, mihogo na shelisheli vimepikwa kwa tui zito. Nilikula pale kwa pale, nikaagiza sahani ya pili.