Maji gani ununue kwa tangi la samaki ukiwa Dodoma

Kama unafuga samaki wa mapambo hapa Dom bila shaka ushaona ule ukoko mweupe unaoganda kwenye kioo pale maji yanapoishia, ni uleule ulioko ndani ya birika lako la chai, na ndo unaofanya watu waniulize kila mara wanunue maji gani. Mi nasema nunua maji ya RO, yale yaliyochujwa chumvi kwa mashine, ya kujaza kwenye dumu, ila usiyamimine peke yake, changanya na ya bomba. Hapo kwenye kuchanganya ndo pana kazi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Maji yetu mengi ya mjini yanatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, yaani yametoka chini ya ardhi yakiwa yameshabeba kalsiamu, magnesiamu na chumvi nyingine, ndo maana sabuni haitoi povu vizuri. Kwa samaki inategemea samaki mwenyewe katokea wapi. Gapi, moli na plati wanayapenda maji magumu kabisa, sikilidi wa Ziwa Tanganyika ndo usiseme, ziwa lao lina pH (kipimo cha tindikali, 7 ni katikati, ikishuka ndo tindikali) inayokaribia 9. Ila neon tetra, diskasi na angelfishi asili yao ni mito ya Amazon, maji laini yenye tindikali kidogo, ukiwaweka kwenye maji ya bomba la Dodoma hivihivi wanadhoofika taratibu na we unahangaika na dawa kumbe ishu ni maji.

Kabla hujanunua maji yoyote nunua TDS mita, ile kama kalamu, unaichovya inakupa namba ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Haikuambii kama maji ni salama, haioni klorini wala amonia (ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki), inakuambia tu uzito wa chumvi na madini, na kwa kazi yetu hiyo inatosha sana. Bomba la kwangu nilipima nikapata 780, la kwako litakuwa na namba yake, pima.

Sasa namba moja, RO. Ni mashine inayosukuma maji kwa presha kwenye memburani, yaani chujio laini sana, chumvi karibu zote zinabaki nyuma. Mitaani zipo sehemu wanazokujazia dumu lako, na bei yake kwa lita ni ndogo kuliko maji ya chupa, piga hesabu mwenyewe utaona. Muombe muuzaji akuruhusu upime hapohapo, mi nikiona isizidi 50 nabeba, ikianza kusoma 150 au 200 basi ama memburani imechoka ama wamerudishia madini ili yanoge kunywa, kwa mnywaji sio kosa lakini we mahesabu yako yataharibika. Na usizoee kwamba juzi yalikuwa mazuri, pima kila ukienda.

Kwa nini usiyaweke peke yake? Nilifanya hivyo tangi langu la kwanza, lita 54 zote RO tupu, nikiamini kisafi zaidi ndo bora zaidi. Wiki ya tatu moli wakaanza kukunja mapezi na kutikisika palepale walipo, gapi wakafuata, nikapoteza karibu wote na iliniuma kwa kweli. Samaki anahitaji madini kwenye maji ili mwili wake uhimili, af kuna zile kabonati ambazo zinashikilia pH isianguke, bakteria wa kwenye filta wanavyogeuza amonia wanatengeneza tindikali, kabonati zikiisha pH inaporomoka na bakteria wenyewe wanazubaa, amonia inapanda, unaona mnyororo ulivyo. Maji safi sana hayana kitu cha kuzuia hilo.

Kuchanganya kwenyewe ni hesabu ya darasa la nne. Bomba 780 na RO 30, nusu kwa nusu unapata kama 405, hiyo goldfishi anakaa vizuri. Ndoo moja ya bomba kwa mbili za RO unapata 280, hapo tangi la samaki mchanganyiko linakwenda. Neon wanataka chini zaidi, moja kwa saba inakuja kama 124. Ya bomba yaache kwanza kwenye ndoo na pampu ya hewa siku nzima klorini itoke, au weka matone ya kuondoa klorini. Tangi la lita 54 ukibadilisha robo kila wiki ni lita 13 na kitu, yaani dumu moja la lita 20 linakutosha na linabaki.

Namba mbili ni mvua, na ningeiweka juu kama isingekuwa sisi mvua tunaiona Desemba mpaka Aprili hivi, basi. Ni laini kama RO na ni bure. Ila bati limekaa miezi saba linakusanya vumbi na kinyesi cha ndege, mvua za mwanzo ziache zioshe, kinga baadaye, na bati lililoanza kuchubuka au kupata kutu usilitumie maana zinki ni sumu kwa samaki. Nayo changanya vilevile.

Tatu ni bomba lenyewe, toa klorini tu. Kama unafuga moli au sikilidi wa Kigoma hilo kwako ni namba moja, usipoteze hela kwingine.

Maji ya chupa ya dukani nayaweka nne, yanafaa kwa kibakuli cha samaki mmoja wa beta au siku umekwama, soma lebo maana madini yanatofautiana kampuni na kampuni. Ya tano ni maji ya betri, yale yaliyotoneshwa. Ni safi kweli lakini bei juu, na kuna hatari nataka uielewe: dukani kwa spea kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, chupa zinakaa rafu moja, ukikosea unaua tangi lote na unaweza kuungua. Kwa hiyo mi nashauri achana nayo.

Usinunue kabisa maji ya boza ambayo hujui kisima chake, visima vingine huku kwetu ni chumvi tupu. Maji ya mashine za kulainisha kwa chumvi nayo hapana, zinatoa kalsiamu zinaweka sodiamu, mita itasoma vilevile. Na yale yanayodondoka kwenye AC yamepita juu ya mabomba ya shaba, shaba inaua samaki, konokono na kamba ndo kabisa.

Kitu kingine ambacho huku kwetu ni kikubwa kuliko Dar, ni kukauka kwa maji. Kiangazi na ule upepo mkavu tangi linashuka haraka, na yanayopotea ni maji tu, chumvi inabaki. Ukijazia kwa bomba unaongeza chumvi juu ya chumvi, baada ya miezi miwili pima uone. Kujazia tumia RO tupu, hapo ndo ruksa, kuchanganya ni wakati wa kubadilisha maji.

Af dumu. Madumu mengi yalikuwa ya mafuta ya kula, hata uoshe vipi kuna utando unabaki unaelea juu ya tangi na hewa haipiti vizuri. Nunua dumu jipya, liandike SAMAKI kwa maka peni kubwa, na waambie wa nyumbani lisiguswe na sabuni.