Tahadhari: anayeuza "Siku ya Familia Venice" hapa Kampala

Ndugu zangu, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kampala na Entebbe akiuza matembezi ya siku moja Venice, Italia, kwa familia zinazokwenda kuwaona jamaa zao Ulaya. Ana chumba katika jengo moja la maduka katikati ya mji, ana muhuri wa bluu, ana maneno matamu. Familia ya dada yangu imeliwa shilingi milioni nne na nusu. Jina silitaji, kesi iko polisi. Ila karatasi yake nimeisoma mstari kwa mstari, na hiyo ndiyo itakayowasaidia kumtambua, maana anawapa watu wote ileile.

Anaanza na "gari binafsi kutoka stesheni hadi Uwanja wa San Marco". Venice ya kale haina barabara za magari! Magari yanaishia Piazzale Roma, treni zinaishia Santa Lucia, na ukitoka tu stesheni unakutana na maji ya Mfereji Mkuu. Kuanzia hapo ni miguu au boti. Dada na shemeji walisimama pale na watoto wanne wakimsubiri dereva. Simu ya Kampala iliita weee, mwishowe ikazimwa.

Kisha "gondola, watu sita, yuro 80 kila mmoja". Hapa ndipo alipovuna. Bei ya gondola, ile mashua nyembamba ya kasia ya Venice, hupangwa rasmi, nayo hulipiwa chombo, si kichwa: yuro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa moja usiku. Na haipakii zaidi ya abiria watano. Alichukua yuro 480 kwa safari ambayo hata angekuwa mwaminifu isingewezekana.

"Ada ya kuingia mjini, watu sita." Ada hiyo ipo kweli, ilianza 2024, ndiyo maana watu wanaamini. Lakini hutozwa siku zilizotangazwa tu, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Ni yuro 5, au 10 ukichelewa kulipia, na mtoto wa chini ya miaka 14 halipi. Watoto wa dada hakuna aliyefika umri huo. Tena hulipwa kwenye tovuti ya manispaa yenyewe, ukapewa msimbo wa QR. Huo muhuri wa bluu hauna kazi kule.

"Tiketi za Daraja la Rialto." Daraja hilo la mawe lilimalizika 1591 na linapitwa bure na kila mtu. Ni sawa na kuuziwa tiketi ya kutembea Kampala Road.

Lililonichekesha na kunikera kwa pamoja ni "watoto kulisha njiwa San Marco". Kulisha njiwa pale ni marufuku tangu 2008, ukikamatwa unapigwa faini. Jamaa amewatoza watoto pesa wakavunje sheria za wenyewe.

Nashukuru shemeji si mtu wa kukaa akilia. Alikata tiketi za vaporetto, zile boti za abiria: yuro 9.50 kwa dakika 75, na mdogo wao ambaye hajafika miaka sita akapanda bure. Laini namba 1 iliwachukua kutoka stesheni hadi San Marco kwa kuufuata Mfereji Mkuu, wakapita chini ya Rialto, majumba ya kale kulia na kushoto. Baadaye wakavuka mfereji kwa traghetto, gondola ya kuvushia watu, yuro 2 kila mmoja, kisha wakarudi stesheni kwa miguu. Usafiri wote wa siku haukufika yuro 60.

Naandika sasa kwa sababu ameanza kutangaza "Siku ya Familia Amsterdam" kwa likizo ya Desemba. Picha aliyoweka ni ya gondola. Anasema nafasi zimebaki chache na malipo ni kwa simu, leo leo. Mwulizeni leseni ya Bodi ya Utalii ya Uganda, mtaona atakavyokasirika.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wowote. Hifadhini risiti na rekodi ya kutuma pesa, mripoti kituo cha polisi kilicho karibu mpewe namba ya kumbukumbu. Chumbani kwake msiende peke yenu.