Mafungo ya siku tatu kando ya Ziwa Kivu: kitanda kibovu, Jumamosi ya maana

Mwezi wa tisa nilijishika nikisali juu ya mgonjwa huku kichwani nahesabu bei ya makala ya kupikia. Kila Alhamisi naenda hospitalini na wenzangu wawili, mwaka wa sita sasa. Nilipomweleza mkubwa wa shirika letu hapa Kadutu, Bukavu, hakunizungusha: "Mama, umekauka. Nenda mafungo." Basi nikaenda kwa masista wenye nyumba ng'ambo ya Muhumba, siku tatu za sala na kimya, Ijumaa hadi Jumapili, dola 40 pamoja na chakula. Makatekista na mamama wa huduma wamekuwa wakiniuliza kama pesa hiyo inafaa, kwa hiyo naandika mara moja niwe nimemaliza.

Nianze na ubaya. Godoro limezama katikati, ukilala unajikuta umekunjwa kama chapati. Maji ya moto yanakuja kwa ndoo saa kumi na mbili asubuhi, ukichelewa umekosa. Umeme ulituaga Ijumaa jioni tukaonana tena Jumapili. Hilo silihesabu, Bukavu tunaijua. Ninalolihesabu ni kuambiwa dola 40 kwa simu, halafu mlangoni naongezewa faranga elfu tano za mashuka. Kwani kitanda kinalipiwa uchi?

Kimya kinashikwa kweli, hata mezani. Ila nyuma ya ukuta kuna chumba cha maombi chenye bafle mbili, zile spika kubwa, na usiku wa Ijumaa walimfukuza shetani hadi saa tisa. Kama aliondoka sijui. Usingizi wangu uliondoka.

Chakula kizuri: bugali, mchicha wetu wa lengalenga, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga wakavu kabisa. Padri aliwatumia hao sambaza kwenye mahubiri. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wageni katika Kivu, na leo ndio wanaolisha mji. Mmisionari naye awe hivyo. Mfano ulikuwa mtamu kwa dakika kumi. Kufikia dakika ya arobaini nilikuwa nakumbuka kwamba sambaza huishia kwenye mafuta.

Lakini padri huyohuyo alinipa kitu. Anafuata Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mpango wa sala ambao ukifanywa wote ni siku 30. Sisi tulimegewa kipande. Alitufundisha kuichunguza siku kwa robo saa: shukuru, omba mwanga, ipitie siku saa kwa saa, omba msamaha, iangalie kesho. Mimi tangu utoto nilijua ni kuhesabu dhambi basi. Nilipoipitia Alhamisi yangu ya mwisho, akanijia mzee mmoja wa kitanda cha dirishani aliyeniomba nimchajie simu ampigie mke wake Kabare. Nilimjibu, "Tusali kwanza, mzee." Tukasali. Nikaenda zangu. Simu niliiacha pale juu ya shuka, imezimika.

Jumamosi saa tatu sista mkubwa akatukusanya, akampa kila mtu faranga elfu tatu: nendeni soko la Nyawera, rozari ziacheni, vitabu viacheni, neno la Mungu msilitoe mpaka mtu aliulize. Nunua kitu kimoja, urudi ukiwa umejua mambo matatu ya aliyekuuzia. Niliona ni mchezo wa watoto, nikanung'unika njia nzima. Nilinunua vitunguu kwa mama mmoja mwenye alama ya kamba kwenye paji la uso. Huteremka na mzigo mgongoni kabla jua halijatoka. Tuliongea muda mrefu kuhusu magoti yake, mtoto wake wa tatu, na mvua iliyochelewa. Nilipoinuka akasema, "Wewe ni wa kanisa gani? Maana hujaniuliza la kwangu."

Tukirudi tulisimama hapo Nyawera alipouawa Askofu Mkuu wetu wa Bukavu, Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996. Naye alikuwa Mjesuiti, wa shirika lililoanzishwa na Inyasi huyohuyo. Sista hakuhubiri. Tulisimama, pikipiki zikitupigia honi, tukaendelea.

Kwa hiyo nitarudi, na mwenye kwenda namshauri hivi: ulizeni habari ya mashuka kwenye simu kabla hamjakubali bei, bebeni blanketi yenu na pamba ya masikio, na msiende wiki ambayo ile safari ya sokoni haipo, maana bila hiyo mnanunua godoro bovu na sambaza. Kitubio ni Jumamosi jioni, wahini, foleni ni ndefu na padri ni mmoja.

Alhamisi iliyofuata nilikopa kwa kijana wangu ile betri ya kuchajia simu, nikaenda nayo hospitalini. Yule mzee alikuwa amekwisharudi kwao. Kitanda chake kimelaliwa na kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki, na simu yake ilikuwa na asilimia mbili.