Pafyumu ya mwanaume kwa hewa ya Dodoma: nilichonunua Jamatini na kwa nini

Kwa mwanaume anayeishi na kufanya kazi Dodoma, mwenye bajeti isiyozidi laki moja, pafyumu ninayomshauri kipindi hiki cha upepo ni Asad ya Lattafa. Na duka ninalomshauri aende ni lile dogo la dada mmoja maeneo ya Jamatini, kwa sababu anakupulizia mkononi na kukuacha uondoke bila kununua kitu. Naomba msomaji alipe uzito hilo la duka kuliko hata jina la pafyumu.

Mimi ni kinyozi, Area D. Kutwa nzima nimeinamia shingo za wanaume, kwa hiyo najua nani kajipulizia nini asubuhi na saa kumi jioni kumebaki nini. Bunge la bajeti linapokaa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kiti changu kinakaliwa na watu wa mikoa yote, na wageni kutoka pwani wana lalamiko moja: unyunyu wao wa Dar hapa haukai. Wengi hudhani wameuziwa feki. Mara nyingi chupa ni halisi kabisa, ila hewa ndiyo imebadilika.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu ni za miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi mpaka mwaka unakaribia kuisha. Ngozi inapauka, midomo inapasuka. Pafyumu inahitaji kitu cha kuishikilia, yaani mafuta na unyevu wa ngozi. Ngozi ikiwa kavu, spiriti inaruka haraka na kuondoka na zile harufu nyepesi za ndimu, chungwa na majani mabichi, ambazo hata mahali pengine hazina maisha marefu. Pua nayo inakauka, ndiyo maana mtu anaweza kunukia vizuri na mwenyewe asijisikie, akaendelea kuongeza mpaka jirani yake kwenye daladala ya Mtumba anafungua dirisha.

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu wa hapa anunue Cool Water ya Davidoff au Acqua di Giò ya Armani mwezi wa Agosti. Ni kazi nzuri zote mbili. Ya kwanza ilitoka 1988, ya pili 1996, na wanaume wa dunia nzima bado wanazinunua. Lakini ni harufu za maji na upepo wa bahari. Mtu akiivaa Mikocheni jioni utaisikia kabla hajafika. Hapa kwetu, akishuka Sabasaba akatembea mpaka Nyerere Square, imebaki kwenye kola tu.

Sasa duka. Ni chumba kimoja chembamba, rafu pande mbili na kaunta ya kioo, watu wanne mkiingia mmejaa. Ukimwambia dada unatafuta pafyumu hakimbilii chupa ya bei kubwa. Kwanza anauliza: "Kaka, unafanya kazi ndani au juani?" Nilipomwambia mimi ni kinyozi alifikiri kidogo, akasema basi inatakiwa itulie, maana wateja wangu hawana pa kukimbilia. Hapo hapo nilimwamini. Anakupulizia kwanza kwenye vikaratasi, ameandika jina kwa kalamu, unachuja. Zinazobaki mbili anakuwekea kwenye ngozi, moja kila mkono. Ya tatu hakubali, anasema pua imeshachoka. Hana kile kikopo cha kahawa ambacho maduka mengine wanakupa unuse "kusafisha pua", na hapungukiwi kitu, kwa sababu kahawa haikusaidii zaidi ya hewa ya kawaida. Toka nje, vuta pumzi, rudi. Halafu anakwambia nenda kazini, jioni utaniambia.

Maduka mengine mjini hayafanyi hivyo. Kuna moja ambapo boksi hata hulishiki mpaka utoe hela, na testa, yaani chupa ya kujaribia, ikiwapo unapewa sekunde kumi za kunusa kifuniko. Kifuniko hakikwambii kitu. Harufu ya mwanzo ndiyo iliyotengenezwa ikuvutie dukani, na ndani ya dakika kumi na tano inaanza kuondoka. Utakachoishi nacho ni kile kinachokuja baada ya saa moja na kile kinachobaki jioni, na hivyo huvijui mpaka ngozi yako ivipitishe.

Mkono wa kushoto niliwekewa Asad, wa kulia Club de Nuit Intense Man ya Armaf. Hii ya Armaf inafuata njia ya Aventus ya Creed, nanasi na moshi, na vijana wengi wanaisifia. Mwanzo wake ni ndimu kali sana, kali kiasi kwamba kwenye chumba chenye spiriti ya kusafishia mashine, kama saluni yangu, vinagombana. Baadaye inatulia vizuri, inakuwa ya moshi mkavu wenye ukali wa kiume. Lakini mchana, upepo ukiwa umeshika, ilibaki huo moshi peke yake, na moshi juu ya vumbi la Dodoma unaniletea harufu ya jalala lililochomwa. Mtu wa Tanga pengine angeniona sijui ninachosema.

Asad ilianza kwa kelele: pilipili manga, tumbaku, na utamu kidogo wa tunda. Nikasema hii itanishinda. Kabla sijamaliza kichwa cha kwanza ikawa imeshuka, ikaja kahawa, si ya kopo, ile ya kukaangwa. Mchana ikawa vanila isiyo ya keki, imechanganyika na utomvu mzito unaokaribia ubani. Mzee mmoja Mgogo, mteja wangu wa siku nyingi ambaye huwa hasemi kitu zaidi ya salamu ya "mbukwenyi" na "punguza pembeni", alinishika mkono nikiwa namfunga kitambaa, akaunusa, akauliza, "Mwanangu, umefukiza nini?" Nilirudi Jamatini jioni ile ile.

Dada alianzia elfu tisini, tukamaliza elfu sabini na tano, chupa ya mili 100. Boksi zima, nailoni imebana, nami nikalikagua mbele yake bila yeye kukunja uso. Tazama namba ya toleo chini ya chupa: lazima ifanane na ile ya boksi. Tazama maandishi kama yamesimama sawa, na nailoni kama mikunjo yake imekaa vizuri, haina gundi iliyomwagika. Puliza mara moja: itoke ukungu mwembamba, si matone.

Kuna watu wanasema Asad yenyewe ni feki, kwa kuwa inafanana na Sauvage Elixir ya Dior iliyotoka 2021. Kufanana kunafanana. Lakini Lattafa ni kampuni ya Falme za Kiarabu, inaandika jina lake kwenye chupa yake na haikudanganyi kwamba ni Dior. Feki ni chupa iliyoandikwa Dior wakati Dior hawaijui. Hiyo ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuikamata na kuiteketeza. Sauvage halisi ya mili 100 inakwenda kwenye laki tatu na kuendelea. Mtu akikuuzia kwa elfu thelathini akakwambia imetoka Dubai na shemeji yake ni rubani, ondoka. Mteja wangu mmoja alinunua ya hivyo barabarani, akajipulizia shingoni baada ya mimi kumnyoa, na kesho yake shingo ilikuwa nyekundu, imejaa vipele. Ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe haitaki hata pafyumu halisi, sembuse kitu ambacho hakuna anayejua kimechanganywa na nini. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini kwa kitu kinachouzwa mkononi stendi, mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Dada anauza pia mafuta ya kupima, yale yanayovutwa kwa bomba la sindano kutoka kwenye makopo makubwa kuingia kwenye vichupa vya rola. Nayaheshimu. Hayana spiriti, yanakaa karibu na mwili, na kwa hewa yetu yanadumu kuliko pafyumu nyingi za kupuliza. Nilichukua mili 6 za udi kwa ajili ya Ijumaa. Hapa ndipo nilipompenda zaidi: nilipouliza kama ni udi wenyewe, alisema hapana, umetengenezwa maabara. Udi wa kweli unatoka kwenye mti wa Asia ulioingiwa na kuvu ukatoa utomvu kujitibu, na bei yake haishikiki kwa kinyozi. Wauzaji wangapi wangekubali kusema hivyo kwa mteja ambaye ameshatoa pochi? Angalizo: paka nyuma ya masikio na kifuani, usiguse kanzu nyeupe, linabaki doa.

Kasoro zipo na lazima nizitaje. Rafu ya testa imekaa karibu na kioo kinachopigwa na jua la jioni, na joto na mwanga ni adui wa pafyumu. Baadhi ya testa zimebadilika rangi, kwa hiyo usihukumu kwa hizo, muombe akufungulie nyingine. Bei hazijaandikwa popote, unapangiwa kwa mdomo, na asiyejua kupatana atalipa zaidi. Chupa ndogo za mili 30 hana, na mwanafunzi wa UDOM anayetaka kujaribu kwa hela kidogo anabaki na mafuta ya kupima tu.

Kuhusu kuivaa: paka kwanza losheni isiyo na harufu au Vaseline kidogo pale utakapopulizia, utaona tofauti mpaka usiku. Asad ni Eau de Parfum, ina mafuta mengi ya harufu kuliko Eau de Toilette, na kwa ukavu huu chagua iliyoandikwa hivyo pesa ikiruhusu. Mimi napuliza mara mbili tu, kifuani, chini ya shati. Shingoni na mikononi siweki, kwa sababu mikono yangu inapita chini ya pua za watu. Mwenye ofisi yake anaweza kuongeza moja. Usiiache dirishani wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Nyumba nyingi zetu ni za bati, chumba mchana ni tanuri, kwa hiyo iweke ndani ya boksi lake, chini kabisa ya kabati.

Mvua zikianza Desemba sitaivaa mchana, itakuwa nzito. Kwa msimu ule nimeshanusa Hawas ya Rasasi kwenye karatasi, tufaha na maji na mdalasini kidogo, imenivutia, lakini bado haijapita siku nzima kwenye mkono wangu, kwa hiyo siisemei. Duka linafunguliwa mnamo saa tatu asubuhi na Ijumaa mchana linafungwa kwa swala. Nenda asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ile rafu, na usiende ukiwa umeshajipulizia kitu kingine.